Moshi wa Bamberg

Mji wa Bamberg, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, ni mji uwezao kuzungukwa kwa miguu baina ya asubuhi na alasiri. Mto Regnitz wapita kati yake kwa matawi mawili. Vilima vimeinuka upande wa magharibi, na juu ya kimoja limesimama kanisa kuu lenye minara minne. Wageni wengi huja kwa ajili ya kanisa hilo. Wengine, nao si wachache, huja kwa ajili ya nyumba ndogo za bia, ambazo tangu zamani hupika kinywaji chao na kukiuza chini ya paa moja. Mimi nilifika huko kutoka Bayreuth, ambako wanazuoni wa Kiswahili wamezoea kukutana, na kwa kuwa kazi yangu ni maneno wala si pombe, nilidhani nitasoma tarehe zilizoandikwa milangoni, kisha nirudi zangu.

Tarehe hizo ndizo zilizonitia mashaka. Nyumba ya Schlenkerla, iliyo chini ya kilima cha kanisa kuu, hujihesabu tangu mwaka 1405. Klosterbräu ni ya 1533, Spezial ya 1536, Fässla ya 1649, Mahrs ya 1670, Greifenklau ya 1719. Atembeaye akizisoma moja baada ya moja hujiona kana kwamba anarudi nyuma karne kwa karne, na kwamba anywacho leo ndicho walichokunywa wahenga wa mji. Walakini tarehe ya namna hiyo hushuhudia jambo dogo kuliko lidhaniwalo. Mwaka 1405 ni mwaka ambao nyumba ile, ikiitwa wakati huo Simba wa Buluu, yatajwa mara ya kwanza katika hati. Hati yaweza kutuambia kwamba nyumba ilikuwapo. Ladha ya kilichokuwamo vikombeni haituambii. Hata jina la Schlenkerla si la kale. Latokana na neno la watu wa huko la kumtania mtu aendaye huku akitupatupa mikono, na yasimuliwa kwamba lilimpata mpikaji mmoja wa karne ya 19 aliyekuwa na mwendo wa namna hiyo.

Kuna tarehe nyingine ambayo wenyeji hawachoki kuitaja. Mwaka 1489 askofu mtawala wa Bamberg, Heinrich Groß von Trockau, aliamuru kwamba bia isitiwe kitu ila kimea, hopsi na maji. Amri ya Bavaria iliyo mashuhuri zaidi ilikuja mwaka 1516, na wakati huo Bamberg haikuwa sehemu ya Bavaria. Iliunganishwa nayo baada ya miaka karibu mia tatu. Watu wa mji hujivunia utangulizi huo, na wana haki. Ila msomi asiache kutazama maneno yale yamewekwa wapi: yamo ndani ya amri ya kodi ya vinywaji. Askofu alikuwa akihesabu mapato yake. Hamira haikutajwa kabisa.

Basi la kale hasa ni lipi? Nililikuta Schlenkerla, si mlangoni bali katika kikombe. Bia yao ni nyeusi, nayo yanuka moshi. Mwenzangu, ambaye hagusi kileo, aliomba kunusa tu, akasema, "Ndugu yangu, huyu ni samaki wa kukaushwa!" Hakukosea sana.

Nafaka yoyote itakayofanywa kimea, iwe shayiri yao au ulezi wetu, hulowekwa, huachwa ikachipua, kisha mchipuo husimamishwa kwa kukaushwa. Sisi tunalo jua. Wao, katika nchi yenye baridi na mawingu, walitumia zaidi moto wa kuni, na moshi ukapita katikati ya nafaka. Kwa hiyo palikuwa na zama ambazo bia nyingi ya nchi hizo ilikuwa na moshi, wala hapakuwa na haja ya kuiita bia ya moshi. Kama vile taa ilivyokuwa taa tu mpaka ilipokuja ya umeme, ndipo ile ya kwanza ikaitwa taa ya mafuta. Waingereza walitangulia kukausha kimea bila moshi. Mwaka 1833 Gabriel Sedlmayr wa München na Anton Dreher wa Wien walisafiri Uingereza kuchungua mbinu za huko, na katika karne hiyo matanuri ya hewa moto yalienea. Jambo la pili lilikuwa biashara: kimea kikaanza kutengenezwa na viwanda vya pekee, kama kile cha Weyermann kilichoanzishwa hapo hapo Bamberg mwaka 1879. Mpikaji anunuaye kimea hupokea ladha aliyochaguliwa na muuzaji.

Nyumba mbili za mji, Schlenkerla na Spezial, ziliendelea kukausha kimea chake zenyewe kwa kuni za mti uitwao Buche. Watu husema zilihifadhi mila. Mimi naona kwamba zilihifadhi tanuri, na mila ikafuata. Wengine wapikao bia ya moshi leo, Bamberg na hata Marekani, wameijia kwa kuirudia. Nyumba hizi mbili hazikuiacha.

Spezial iko ng'ambo ya mto, katika mtaa wa Obere Königstrasse, imetazamana na Fässla, hata mtu aweza kutoka mlango huu na kuingia ule bila kulowa sana siku ya mvua. Moshi wa hapo ni mpole kuliko wa Schlenkerla. Huko sikuona mgeni akipiga picha. Wazee walikuwa wakisoma magazeti. Mbele ya watu wa namna hii ndipo wapikaji walipopandisha bei mwaka 1907, kutoka pfenigi 11 hadi 12 kwa nusu lita. Mji ukagoma, ukaletewa bia kutoka Forchheim, na wapikaji wakarudi nyuma.

Jioni tulipanda kilima cha Stephansberg. Watu wa Bamberg husema wanakwenda "juu ya handaki", usemi unaomshangaza mgeni mpaka aone mahali penyewe. Kilima kimetobolewa mahandaki, ambayo mengine yalichimbwa kwa kutafuta mchanga wa kusugulia vyombo; wapikaji wakayatumia kuweka bia mahali pa baridi kabla Carl von Linde hajatengeneza mashine za kupooza, katika miaka ya 1870. Juu yake ilipandwa miti yenye majani mapana ili jua lisipige ardhi, na chini ya kivuli hicho zikawekwa meza. Tuliketi katika bustani ya Spezial, jirani na nyumba ya kuangalia nyota iliyofunguliwa mwaka 1889, mji wote ukiwa chini yetu. Katika kilima hicho hicho Schlenkerla yakausha kimea chake na kukomaza bia yake hadi leo. Mwenzangu aliinua pua, akauliza kama na mimi naisikia harufu ya kuni.