Msitu mkongwe na msitu wa asili

Kwa Kiswahili, msitu wowote ambao haukupandwa na mtu huitwa "msitu wa asili". Jina hilo linautenga vizuri na shamba la miti, lakini halisemi lolote kuhusu umri. Pori lililochipua baada ya moto wa miaka 20 iliyopita ni la asili. Msitu ambao miti yake ilikuwepo kabla ya babu wa babu zetu nao ni wa asili. Anayepima maji na kaboni hawezi kuiweka kapu moja. Huo wa pili ninauita "msitu mkongwe". Wapo wasemao "msitu bikira", lakini neno hilo linatueleza tu kwamba shoka halijaingia.

Tofauti hiyo ilionekana wazi karibu na Melbourne, Australia. Jiji hilo hutegemea maji ya mabonde yenye mikaratusi mirefu ya aina ya Eucalyptus regnans. Januari 1939 moto uliteketeza sehemu kubwa ya misitu hiyo, kisha miche ikaota kwa msongamano. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa maji George Kuczera alionyesha kwamba msitu mpya unapokaribia miaka 30, maji yanayotiririka kutoka bondeni hushuka hadi karibu nusu, na kurejea kwake huchukua zaidi ya karne. Hapa kwetu mkaratusi hulaumiwa kwa kunywa maji. Kwao kumbe vijana ndio wanywaji wakubwa.

Ili kuona sababu, tazama gogo la mninga lililokatwa. Ukingoni, chini ya gome, kuna ubao mweupe ambao fundi huuondoa kwa sababu hubunguliwa upesi. Katikati kuna kiini cha kahawia. Maji hupanda kwa ule mweupe tu. Mikaratusi nayo imeumbwa hivyo. Kadiri msitu unavyozeeka, miti hupungua idadi, na jumla ya ubao mweupe na majani katika hekta moja hupungua pia. Kiini hakinywi tena, ila kaboni kinaishika, na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Katika bonde la O'Shannassy, kwenye misitu hiyohiyo, watafiti walipata wastani wa tani 1,867 za kaboni kwa hekta, wakihesabu miti hai na iliyokufa. Hiyo ni kaboni, si hewa ukaa, ingawa magazeti yetu huchanganya: tani 1 ya kaboni ikiungua hutoa takriban tani 3.67 za hewa ukaa.

Si kila msitu duniani utafuata mwenendo aliouonyesha Kuczera; mvua, ukungu na aina ya miti vina neno lake. Wala ukongwe hauna umri mmoja. Dalili zake ni miti ya rika mbalimbali, mashina yenye mapango, magogo yanayooza chini. Msitu uliosafishwa magogo yake yote, hata ukiwa wa asili, siuiti mkongwe.