Biemann: Mwanakemia aliyepima mchanga wa Mirihi akitafuta dalili za uhai

SWALI la iwapo kuna uhai nje ya dunia yetu huzua majibu mengi ya haraka. Klaus Biemann, mwanakemia aliyefanya kazi kwa takriban miaka 40 katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, alitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Mwaka wa 1976, mtambo aliousimamia ulipima mchanga wa sayari ya Mirihi na kukosa kemikali za kaboni ambazo viumbe huundwa kwazo.

Jibu hilo lilizima matumaini ya wengi waliokuwa tayari kushangilia. Isitoshe, lingali linajadiliwa hadi leo, kwani linagusa swali linalomkabili kila mwanasayansi: chombo kinapokosa kitu, je, kitu hicho hakipo, au chombo hakina uwezo wa kukiona?

Biemann alizaliwa mwaka wa 1926 mjini Innsbruck, Austria. Alisomea kemia katika chuo kikuu cha mji huo na kutunukiwa shahada ya uzamifu mwaka wa 1951. Miaka minne baadaye alihamia MIT, ambako alidumu hadi alipostaafu mwaka wa 1996.

Sifa zake za kwanza hazikutokana na masuala ya anga. Alikuwa miongoni mwa wanakemia wa mwanzo kutambua kwamba spektromita ya masi, mtambo wa kupima uzito wa molekuli, ungeweza kufichua maumbile ya kemikali zinazopatikana katika mimea na wanyama.

Mtambo huo huzipa molekuli chaji ya umeme, zikavunjika vipande vipande, na kuvipanga vipande hivyo kulingana na uzito wa kila kimoja. Mtaalamu huvitazama vipande hivyo na kutambua molekuli nzima ilikuwaje, kama mfinyanzi atambuavyo umbo la chungu kutokana na vigae vyake.

Kwa njia hiyo, Biemann alichunguza alkaloidi za mimea na mpangilio wa asidi amino katika protini. Mwaka wa 1962 alichapisha kitabu kuhusu matumizi ya mtambo huo katika kemia ya kaboni. Katika miaka ya sabini, maabara yake ilisaidia hospitali za eneo la Boston kutambua dawa zilizomezwa na wagonjwa waliofikishwa wakiwa mahututi.

Mbinu iyo hiyo ndiyo inayotumika leo katika maabara zinazopima mkojo wa wanariadha ili kubaini waliotumia dawa za kusisimua misuli.

Kutoka mwezini hadi Mirihi

Wanaanga wa Apollo waliporejea na mchanga wa mwezi mwaka wa 1969, maabara ya Biemann ilikuwa mojawapo ya zilizoupima kutafuta kemikali za kaboni. Hata hivyo, mtihani mkubwa ulikuwa bado mbele.

Shirika la Anga la Marekani (NASA) lilikuwa likiandaa vyombo viwili, Viking 1 na Viking 2, vitue Mirihi na kutafuta viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Biemann aliongoza kikosi cha uchunguzi wa molekuli. Iliwabidi wahandisi waufinye mtambo wa maabara ukae ndani ya chombo cha angani, uhimili safari ya karibu mwaka mzima na ufanye kazi pasipo fundi wa kuukarabati.

Viking 1 ilitua Julai 20, 1976, na Viking 2 ikafuata Septemba 3 mwaka huo huo. Kila chombo kilikuwa na majaribio matatu ya kutafuta uhai, kando na mtambo wa Biemann.

Jaribio lililozua msisimko ni lile la Gilbert Levin. Mchanga ulinyunyiziwa maji yenye virutubisho vilivyotiwa kaboni ya mnururisho. Iwapo kungekuwa na vijidudu, vingekula virutubisho hivyo na kutoa gesi ambayo ingenaswa na kipimo. Gesi ilitoka kwa kasi. Mchanga ulipotangulia kuchomwa hadi nyuzi 160 za selsiasi, haikutoka, na hivyo ndivyo ingetarajiwa iwapo joto lilikuwa limeviua vijidudu.

Laiti matokeo hayo yangesimama peke yake, yamkini dunia ingetangaziwa kwamba uhai umepatikana Mirihi.

Lakini mtambo wa Biemann ulitoa ushahidi tofauti. Ulichoma mchanga hadi nyuzi 500, ukapima mvuke uliotoka, na haukupata kemikali za kaboni za Mirihi. Kwa kemikali nyingi, mtambo huo ungegundua hata sehemu moja katika bilioni. Hiyo ni sawa na kutambua miligramu moja iliyofichwa ndani ya magunia 11 ya mahindi ya kilo 90.

Kilichoonekana ni mabaki ya dawa za kusafishia vyombo, yaliyobebwa kutoka duniani, pamoja na kiasi kidogo cha kemikali mbili zenye klorini. Uwiano wa aina mbili za klorini ndani ya kemikali hizo ulifanana na wa duniani, na wataalamu wakahitimisha kwamba nazo zilitoka huku. Aidha, mabaki hayo yalionyesha kwamba mtambo haukuwa umeharibika.

Levin alijitetea kwamba vijidudu vichache vingeweza kuupita mtambo huo bila kutambuliwa. Hoja iliyomkabili ilikuwa nzito: vijidudu haviishi pasipo mabaki. Mahali penye uhai pana mizoga ya vizazi vilivyotangulia, taka na chakula, na vitu hivyo huvizidi kwa mbali viumbe vilivyo hai. Hata udongo mkavu wa Antaktika, uliopimwa kwa mtambo wa aina hiyo kabla ya safari, ulionyesha kemikali za kaboni.

Wanasayansi wengi waliamua kwamba gesi ya Levin ilitokana na kemikali kali za mchanga huo zilizovunja virutubisho. Levin hakukubali hadi alipofariki mwaka wa 2021. NASA nayo haikutua tena Mirihi hadi Julai 1997, miaka 21 baadaye.

Chumvi iliyofufua mjadala

Hata hivyo, palikuwa na kitendawili. Vimondo huangukia Mirihi tangu jadi, na baadhi yake hubeba kemikali za kaboni. Hata sayari isiyo na uhai ingepaswa kuwa na kiasi fulani cha kemikali hizo. Kwa nini basi hazikuonekana?

Fununu ilipatikana mwaka wa 2008, chombo cha Phoenix kilipogundua chumvi ziitwazo perkloreti karibu na ncha ya kaskazini ya sayari hiyo. Chumvi hizo hutulia zikiwa baridi, lakini zikichomwa hutoa oksijeni na kuunguza kemikali za kaboni zilizo karibu.

Mwaka wa 2010, kikosi kilichoongozwa na Rafael Navarro-González wa Mexico kilichanganya perkloreti na udongo wa jangwa la Atacama, kikauchoma, na kupata kemikali mbili za klorini zilizofanana na zile za Viking. Kwa maneno mengine, huenda joto la mtambo wenyewe ndilo lililoteketeza ushahidi uliokuwa ukitafutwa.

Biemann, wakati huo akiwa amepita umri wa miaka 80, hakunyamaza. Akishirikiana na Jeffrey Bada, alichapisha pingamizi mwaka wa 2011 akieleza kwamba jaribio la Atacama halikuthibitisha kuwepo kwa perkloreti mahali zilipotua Viking. Alifariki mwaka wa 2016 bila kubadilisha msimamo.

Tangu hapo ushahidi umezidi kuongezeka. Chombo cha Curiosity, kilichotua mwaka wa 2012, kilipata klorobenzini katika mwamba wa Mirihi. Mwaka wa 2018 kilitangazwa kuwa kimepata kemikali nyingine za kaboni katika matope yaliyogeuka jiwe miaka takriban bilioni tatu iliyopita, na mwaka wa 2025 zikatangazwa nyingine zenye minyororo mirefu zaidi.

Je, Biemann alikosea? Jibu la haki ni kwamba kipimo chake kilikuwa sahihi, bali tafsiri iliyojengwa juu yake ndiyo iliyopunguka. Kemikali za kaboni zipo Mirihi. Lakini kuwepo kwake si uthibitisho wa uhai, kwani nyingine huundwa na miamba au huletwa na vimondo.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kazi yake. Biemann hakusema tu kwamba hakuona kitu. Alieleza mtambo wake uliweza kuona kiasi gani, ulichoma mchanga kwa joto gani, na ni mabaki yapi yaliyojitokeza. Waliomfuata waliweza kuzirejelea takwimu hizo miaka 34 baadaye na kuzisoma upya.

Sampuli za miamba ambazo chombo cha Perseverance kimekuwa kikizikusanya tangu mwaka wa 2021 bado hazijaletwa duniani. Zikifika, maabara zitatakiwa kueleza kinaganaga vipimo vyao vina uwezo gani, kabla ya yeyote kutangaza kwamba vijidudu vipo au havipo.