Macho Hayana Pazia: Wajumbe wa Moshi Mjini Berlin, 1889

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Mtu akipita njiani akaona lisilomhusu, msemo huo humtetea: jicho halina mlango wa kufungwa, wala halingoji ruhusa ya kuona. Ni msemo mzuri, na kwa mwenye mji wake ni wa kweli. Ila kwa mgeni anayeingia mji mkubwa kwa mara ya kwanza unahitaji nyongeza. Macho yake kweli hayana pazia, lakini mji unalo, na kamba ya pazia hilo imo mkononi mwa mwenyeji. Mwenyeji ndiye achaguaye barabara ya kumpitisha mgeni, mlango wa kumfungulia na mlango wa kuuacha umefungwa. Mgeni hurudi kwao akisema ameuona mji, ilhali alichokiona ni kile alichoonyeshwa.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kwa kisa kimoja cha historia yetu: safari ya wajumbe wa Mangi Rindi wa Moshi waliokwenda Berlin mwaka 1889. Ni kisa cha watu wa mlimani, lakini sisi wa pwani na visiwani tumo ndani yake, kama itakavyodhihiri.

Kwanza hapana budi kuiweka Moshi mahali pake. Moshi tuifahamuyo leo, mji wa tambarare wenye stesheni, soko na mabasi, haikuwapo. Mji huo ulianza kukua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika hapo mwaka 1911. Moshi ya Rindi ilikuwa juu zaidi, katika mteremko wa Kilimanjaro, pale panapoitwa leo Moshi ya Kale. Haikuwa mji kwa maana ya nyumba zilizobanana. Kila ukoo ulikaa katika kihamba chake, nyumba ikiwa imezungukwa na migomba, na maji yakiletwa kwa mifereji iliyochimbwa kutoka mito ya mlimani, ambayo wenyeji huiita mifongo. Katika kihamba mtu huzaliwa, hulima, na akifa huzikwa humohumo karibu na wazee wake. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Rindi aliitwa Mandara na misafara ya pwani, na jina hilo ndilo lililoenea katika vitabu vya Wazungu. Alikijua Kiswahili, kwa kuwa wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa walikuwa wakipiga kambi mlimani miaka mingi, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Aliwapokea wageni wa kila namna: mmisionari Charles New mwaka 1871, na Harry Johnston mwaka 1884. Mwaka 1885 wageni wakazidi. Sayyid Barghash wa Unguja alimtuma Lloyd Mathews, kamanda wa majeshi yake, apande Kilimanjaro kuchukua ahadi za utii za wamangi, na Rindi akawa miongoni mwa walioipokea bendera ya Sultani. Mwaka huohuo akafika Mjerumani Karl Jühlke, naye akaondoka na mkataba wake. Mwaka uliofuata London na Berlin zikakubaliana mpaka: Kilimanjaro ikawa upande wa Wajerumani, na Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Rindi hakuulizwa. Barghash naye aliletewa shauri lililokwisha kukatwa, akatakiwa akubali.

Hapo ndipo safari ya 1889 inapopata maana. Mangi huyu alikuwa amewaona wageni wakija mmoja mmoja, wamechoka kwa njia, wakitegemea wapagazi wa pwani kwa kila mzigo na wakimtegemea yeye kwa chakula. Kila mmoja alidai kwamba nyuma yake yuko mfalme mwenye majeshi yasiyohesabika. Mtu mwenye busara afanye nini na madai kama hayo? Atume macho yake mwenyewe. Otto Ehlers, msafiri wa Kijerumani aliyekuwa amejaribu kuupanda mlima mwaka 1888, alirejea kwao mwaka uliofuata akifuatana na wajumbe wa Rindi waliokwenda kumwona Kaiser Wilhelm II, mfalme kijana aliyekuwa ametawazwa mwaka mmoja tu kabla.

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii. Siku hizi tukisema mtalii, tunamwona mtu mwenye kamera shingoni. Lakini kutalii, kwa asili yake, ni kusoma na kuchungua. Mwanachuoni hutalii kitabu. Wajumbe wa Moshi walikuwa watalii kwa maana hiyo ya kwanza. Hawakwenda kupumzika, walitumwa kuusoma mji.

Na mji wenyewe ulikuwa kitabu kinene. Hesabu ya watu ya mwaka 1890 iliikuta Berlin na wakazi zaidi ya milioni moja na nusu. Tangu 1882 treni zilipita katikati ya mji juu ya matao ya matofali, usawa wa madirisha ya ghorofa, na mwaka huohuo taa za umeme ziliwashwa katika mtaa wa Leipziger Strasse. Katika nchi walikotoka wajumbe hapakuwa na hata hatua moja ya reli. Ile ya kwanza ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Mtu aliyezoea kihamba, ambamo jirani yuko ng'ambo ya migomba, aliingia mahali ambapo familia hupangwa moja juu ya nyingine kama vyungu katika ubao, na ambapo mtu huweza kufa bila ya aliye chini yake kumjua jina. Tena ni mji uliojaa wanajeshi. Berlin ilikuwa makao makuu ya jeshi lililoishinda Ufaransa miaka 18 nyuma, na gwaride lilikuwa tamasha lake la kawaida.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya pazia. Nyuma yake palikuwa na jambo jingine. Mwaka huohuo wa 1889 mizinga ya Hermann von Wissmann ilikuwa ikiipiga pwani yetu. Abushiri bin Salim alikuwa ameinuka Pangani mwaka 1888, na Bwana Heri alikuwa akipigana Sadani. Mwezi wa Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani, katika bandari ileile ambayo misafara ya Rindi iliizoea. Kwa hiyo dola moja, katika mwaka mmoja, iliwakaribisha wajumbe kwa heshima huku ikiwasimamishia jirani zao mti wa kunyongea. Kaiser alipokee zawadi na kutuma zake, ambazo Ehlers alizipeleka Moshi mwaka 1890. Hayo ni maungwana ya kifalme. Lakini aliyetaka kujua dola ile ingeishi vipi na watu wa Afrika Mashariki angejifunza mengi zaidi Pangani kuliko Berlin.

Kuna kioo kingine cha mwaka huo. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na mwenziwe Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Meyer akakiita kwa jina la Kaiser, akachukua jiwe akampelekea mfalme wake, nalo likawekwa katika jumba la kifalme la Potsdam. Yaani watu wa Moshi walikwenda kumtazama Kaiser, na mtu wa Kaiser akaja kuuchukua ncha ya mlima wa Moshi. Tofauti ni kwamba Meyer aliandika kitabu, na kitabu hicho kingali kinasomwa. Kabla yake Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani, aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848 akaiandika. Wataalamu wa London kama Desborough Cooley walimkejeli, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Walimkejeli, lakini walimsoma. Ushahidi uliochapishwa hata ukikanushwa huwa umeshapata kiti barazani. Wajumbe wa Rindi hawakuacha kitabu. Ripoti yao ilitolewa kwa mdomo, ikasikilizwa na aliyewatuma, na kazi yake ikaishia hapo.

Hapa ndipo sisi wa visiwani tunapoingia, kwani katika kuandika maajabu ya miji ya mbali tulitangulia. Sayyid Barghash alipoizuru London mwaka 1875, katibu wake Zahir bin Said aliiandika safari ile kwa Kiarabu, nayo ikachapishwa. Binti Sayyid Said, Salme, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaitwa Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin kuanzia 1891 hadi 1895, na maandishi yake juu ya Ulaya yalitiwa katika mkusanyo wa C. G. Büttner wa mwaka 1894. Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na safari yake ikatoka mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli* cha Carl Velten.

Hata hivyo tusijivune kupita kiasi. Büttner na Velten walikuwa walimu wa Kiswahili wa Kijerumani, na vitabu vyao vilikusudiwa kuwafunza lugha maofisa na wafanyabiashara waliojiandaa kuja kwetu. Aliyeandika alijua nani atamsoma. Pazia liliingia hata katika karatasi. Anayezisoma kurasa hizo leo azisome kwa jicho la pili, akiuliza kila mara: hapa mwandishi anashangaa kwa kuwa ameshangaa, au kwa kuwa mwenyeji wake anapenda kushangaliwa?

Na baadaye kidogo Berlin iligeuza mambo kabisa. Mwaka 1896, katika maonyesho ya Treptow, zaidi ya watu 100 kutoka makoloni, Waswahili na Wamaasai wakiwamo, waliwekwa watazamwe na wenye mji kwa kiingilio. Waafrika walikuwa hapo, wakiona na kuonwa, lakini hakuna aliyewauliza wameuonaje mji.

Turudi Moshi. Mwaka 1891 askari wa Rindi walipigana bega kwa bega na Wissmann dhidi ya Mangi Sina wa Kibosho. Sababu zilikuwa nyingi, na uhasama wa Moshi na Kibosho ni mkongwe kuliko safari yoyote ya Ulaya. Lakini mtawala aliyekwisha kupeleka macho yake Berlin hakuwa akibahatisha tena kuhusu ukubwa wa mgeni wake. Alichagua kuwa rafiki wa mwenye nguvu ili amshinde jirani. Mwaka huohuo akafariki, na kiti kikarithiwa na mwanawe Meli, kijana ambaye hesabu zake zilikuwa nyingine. Mwezi wa Juni 1892 watu wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kiongozi wake, von Bülow, akauawa. Mwaka 1893 gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, na Moshi ikashindwa. Tarehe 2 Machi 1900, Meli na viongozi wengine 18 wa Uchaga na Meru walinyongwa Moshi ya Kale.

Ukoo wake husimulia kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Simulizi hilo halikuwa njozi ya wafiwa. Wakati ule wataalamu wa Berlin walikuwa wakikusanya mafuvu kutoka makoloni, na katika karne hii wakfu unaosimamia makumbusho ya Berlin umechunguza zaidi ya mafuvu 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Septemba 2023 ulitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai Kilimanjaro. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli hakikuwamo katika matokeo hayo.

Basi Moshi ilikwenda Berlin mara mbili. Mara ya kwanza ilikwenda kwa miguu yake, ikapokewa mbele ya pazia. Mara ya pili ilipelekwa ndani ya makasha, ikahifadhiwa nyuma ya pazia kwa zaidi ya miaka mia. Kwa watu ambao maiti huzikwa kihambani, karibu na migomba aliyoipanda, hakuna ugeni ulio mzito kuliko huo.

Mambo haya hayajamalizika. Kilele alichokipa Meyer jina la Kaiser kinaitwa Uhuru tangu 1961, na kila mwaka maelfu ya wageni hushuka Moshi, hulala usiku mmoja, kisha huelekea mlimani. Unguja nao hupitishwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, huonyeshwa milango ya nakshi na karafuu. Sasa wenyeji ni sisi, na kamba ya pazia tumeishika wenyewe. Mgeni anayepelekwa getini kuanza kupanda anapita karibu na Moshi ya Kale bila ya kuambiwa ni nani walinyongwa pale, wala ni nani waliotoka pale kwenda kuisoma Berlin. Washairi wetu wamewatungia tenzi masultani na mashujaa. Wajumbe wa Rindi bado wanangoja beti zao, na ukoo wa Meli bado unangoja mtu wake arudi kihambani.