Kiazi cha Barbasco na Wachimbaji Wake

Katika misitu ya Veracruz na Oaxaca, nchini Meksiko, huota mmea wa kutambaa wa jamaa ya viazi vikuu, uitwao barbasco. Wenyeji hawakuupanda, walikitumia kiazi chake kuleweshea samaki mitoni, kama utupa utumiwavyo Afrika Mashariki.

Mwaka 1942 mtaalamu wa kemia wa Marekani, Russell Marker, alifika Veracruz kutafuta kiazi cha jamaa hiyo. Alikuwa amekwisha kuvumbua namna ya kugeuza diosjenini iliyomo ndani yake iwe projesteroni, homoni iliyokuwa ikipatikana kwa shida kutoka viungo vya wanyama, na kwa bei ya kutisha. Makampuni ya kwao yalikataa kumsaidia. Basi mwaka 1944 akashirikiana na wengine kuanzisha kampuni ya Syntex, Mexico City. Mwaka uliofuata waligombana, akaondoka. Barbasco, wenye diosjenini nyingi zaidi, ndio uliotumika baadaye. Mwaka 1951 Syntex ilipata humo kotizoni, dawa ya baridi yabisi. Na mwaka huo huo kijana wa Kimeksiko, Luis Miramontes, akatengeneza noretindroni, iliyokuja kutiwa katika vidonge vya kuzuia mimba. Ni kazi ya maabara hiyo, kwani mwili wa mtu hauwezi kugeuza diosjenini kuwa homoni. Anayeuziwa leo mafuta ya kiazi hiki kwa ajili hiyo huuziwa jina tu.

Habari za wanakemia zimeandikwa sana. Za wachimbaji kidogo. Kiazi hukaa ardhini miaka kadhaa kabla ya kufaa, hivyo msitu ndio uliokuwa shamba. Mkulima maskini aliingia na panga, akaufuata mmea hadi shinani, akachimba, akabeba gunia mgongoni mpaka kwa mnunuzi, akapewa senti chache. Viazi vilikatwakatwa, vikavundikwa, vikaanikwa juani. Wengi hawakujua mzigo wao unakwenda kufanywa nini.

Afrika Mashariki nayo iliingia katika biashara hii. Katika miaka ya 1950 takataka za mkonge, zilizokuwa zikitupwa baada ya kutolewa nyuzi, zilitoa hekojenini ya kutengenezea kotizoni Uingereza. Mkonge wenyewe asili yake ni Meksiko. Ulifika Tanganyika mwaka 1893.

Mwaka 1975 Rais Luis Echeverría aliunda shirika la serikali, Proquivemex, ili wachimbaji wapate bei ya haki. Nia ilikuwa njema, ila ilichelewa: makampuni yalikuwa yamekwisha kugeukia malighafi nyingine, kama vile soya, na mnunuzi wa magunia akaacha kufika vijijini.