Kuwatazama Wanyamapori kwa Boti: Kutoka Bandari ya Bukoba hadi Kisiwa cha Rubondo

Msafiri anayeingia Bukoba kwa meli alfajiri hukiona Kisiwa cha Musira kabla ya kukanyaga gati. Mwenye saa chache tu kabla ya meli kuondoka atosheke na kisiwa hicho: boti huvuka kwa muda mfupi, na miambani huonekana minandi na furukombe. Rubondo ni safari nyingine kabisa, wala isijaribiwe na mtu anayehesabu dakika.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ilianzishwa mwaka 1977 na inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Kutoka Bukoba au Maruku, msafiri hupita Muleba kwa barabara hadi Muganza wilayani Chato, eneo ambalo tangu mwaka 2012 lipo Mkoa wa Geita, kisha huvuka kwa boti.

Jambo linalokitofautisha kisiwa hiki ni kwamba wengi wa wanyama wake wakubwa nao waliletwa kwa chombo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt, lililoongozwa na Profesa Bernhard Grzimek, lilipeleka huko sokwe mtu 17 waliotoka utumwani Ulaya, baadhi yao katika bustani za wanyama na sarakasi. Hawakufundishwa kuishi porini. Walijifunza wenyewe kutafuta chakula na kujenga viota, na wazao wao wapo hadi leo. Tembo, twiga na mbega waliletwa pia. Faru weusi 16 waliopelekwa humo hawakudumu, ujangili uliwamaliza. Mwaka 2000 walifuata kasuku wa kijivu waliokamatwa katika biashara haramu.

Wenyeji halisi wa kisiwa ni nzohe, kiboko, mamba, pongo na fisi maji. Nzohe ana kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea kwenye matope ya mafunjo, na anaposhtuliwa huzama akabakiza pua juu ya maji. Kwa sababu hiyo, boti inayokwenda polepole huona mengi kuliko inayonguruma. Uvuvi wa kibiashara hauruhusiwi ndani ya hifadhi, na ghuba zake ni mazalia ya samaki wanaowafikia baadaye wavuvi wa visiwa jirani.

Ziwa lenyewe halina mzaha. Nyakati za usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji na kukusanya mawingu ya radi, ndiyo maana Bukoba huamkia mvua mara nyingi. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba iliyotoka Bukoba kupitia Kemondo ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu walipoteza maisha. Wengi wa wakazi wa Kagera wanamjua mtu aliyefiwa siku ile.

Kwa hiyo abiria aangalie kwanza kama boti ina cheti cha ubora na leseni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kama jaketi okozi zinatosha watu wote, watoto wakiwemo. Jaketi huvaliwa kabla ya kung'oa nanga; kulikalia kama mto si kujikinga. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania isikilizwe siku hiyo hiyo, na nahodha anayeahirisha safari asishinikizwe.

Boti isipite kati ya kiboko na maji yenye kina, kwani ndiko anakokimbilia. Mwenye mafua asiende kuwatazama sokwe mtu: magonjwa ya njia ya hewa ya binadamu huwaambukiza na yanaweza kuwaua. Taratibu na ada za kuingia huulizwa TANAPA kabla ya kuondoka Bukoba, si ukiwa tayari ufukweni Muganza.