Maji ya Ng'ambo: Gomes na Picha za Unguja

Kila nipitapo Darajani, mjini Unguja, hulitafuta daraja nisilione. Nikivuka kwenda Ng'ambo, sivuki maji. Navuka barabara ya lami. Majina hayo mawili yamebaki kama ubeti uliopotelewa na kituo chake.

Kituo hicho nilikikuta katika picha za kale. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, A. C. Gomes, Mgoa aliyehamia Unguja, alifungua studio Mji Mkongwe, akawa miongoni mwa waanzilishi wa fani ya picha katika pwani yetu. Hakuishia kupiga sura za watu waliomwendea. Aliitoa kamera nje, akapiga bandari, vichochoro na mashamba. Kadi za posta zenye jina la studio yake zikasafiri hadi Ulaya.

Thamani ya kazi ya Gomes na wenzake hudhihirika pale jengo linapoondoka. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Picha za awali zaonyesha mnara ukisimama peke yake mbele ya jumba. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na mnara wa saa uliofuata ukaungwa na jumba lenyewe. Kwa hiyo mnara ulipo ndio hutuambia umri wa picha. Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo nayo iliporomoka, na picha zikageuka mashahidi.

Picha za enzi hizo zaonyesha pia hori lililoutenga Mji Mkongwe na ng'ambo yake, kabla halijafukiwa katika karne ya 20. Hapo ndipo nilipoelewa: lugha ilihifadhi daraja, picha ikahifadhi maji. Kila moja peke yake ni nusu ya habari.

Lakini kadi hizo zina upungufu. Maelezo yake mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, na mchuma karafuu au mchukuzi aliyemo hatajwi jina. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, na hazina ya picha za mji ikazidi kukua. Kazi ya kuzipa maneno ni yetu. Tuketi na wazee, picha zikiwa mikononi, tuwaulize: hapa paliitwaje? Mtaa hufukiwa mara mbili: kwanza kwa kifusi, kisha kwa kusahauliwa jina lake.