Kinga ya mwili inavyochangia upofu wa kisukari

Upofu unaoletwa na kisukari umezoeleka kuelezwa kwa habari ya mishipa ya damu peke yake: sukari ikizidi kwa miaka, mishipa midogo sana iliyo nyuma ya jicho hudhoofika, huvuja, na mwishowe huziba. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Watafiti sasa wanakubaliana kwamba walinzi wa mwili wenyewe, yaani chembe nyeupe za damu na jamaa zake, wanashiriki katika uharibifu huo.

Fununu ya mapema ilitokea mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1964, madaktari Powell na Field waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kuhusu wagonjwa wa kisukari waliokuwa pia na baridi yabisi. Watu hao walikuwa wakimeza dawa za jamii ya aspirini kwa wingi ili kutuliza viungo, na macho yao yalionekana kudhurika kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Je, dawa iliyotuliza uvimbe wa magoti ilikuwa ikituliza jambo fulani ndani ya jicho?

Jaribio kubwa la Marekani, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1991, liliwapa wagonjwa miligramu 650 za aspirini kila siku. Macho yao hayakunufaika, wala hayakudhurika. Kwa hiyo anayemeza aspirini kwa ajili ya moyo hana sababu ya kuiacha kwa kuhofia macho, na asiyeimeza asianze kwa kusoma habari hii. Hata hivyo, kipimo hicho kilikuwa kidogo kikilinganishwa na kile cha wagonjwa wa baridi yabisi, na swali lenyewe halikufa.

Jibu lilianza kupatikana kwa kuchunguza wanyama maabarani. Sukari inapozidi, kuta za ndani za mishipa ya retina, ule utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, hutoa kwa wingi protini iitwayo ICAM-1, inayofanya kazi mfano wa gundi. Chembe nyeupe zinazopita hunasa hapo. Mshipa wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba chembe moja iliyonasa yaweza kuzuia damu, na ikiwa imekaa humwaga kemikali zinazoua ukuta ulioishika. Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya panya waliokosa protini hiyo, au mwenzake wa CD18 aliye juu ya chembe nyeupe. Walipopatwa na kisukari, mishipa ya macho yao iliharibika kidogo kuliko ya panya wa kawaida.

Jicho pia lina walinzi wakaazi, waitwao maikroglia. Katika afya njema hutulia, kwani uvimbe mdogo tu waweza kuharibu uoni. Kisukari huwaamsha, nao hutoa kemikali zinazolegeza kizuizi kati ya damu na retina. Maji huvuja, na kitovu cha uoni huvimba.

Ndiyo maana matibabu yana njia zaidi ya moja. Sindano za jichoni zinazozuia protini ya VEGF, ambayo huchochea uvujaji na kuota kwa mishipa mipya dhaifu, huwasaidia wengi, lakini si wote. Kwa baadhi ya wanaobaki na uvimbe, madaktari hutumia dawa za jamii ya steroidi, zinazokandamiza mwitikio mzima wa kinga. Gharama yake si ndogo: huweza kupandisha presha ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho.

Tatizo kubwa zaidi ni kuchelewa. Ugonjwa huu hauumi, na mtu huweza kusoma vizuri huku retina yake ikivuja damu pembeni. Utafiti uliofanyika Rwanda na kuchapishwa mwaka 2022 ulionesha kwamba wagonjwa waliopimwa kwa msaada wa akili bandia na kupewa majibu papo hapo walikwenda kwa daktari wa macho kwa wingi kuliko waliongojea majibu kwa siku kadhaa.

Mwenye kisukari anashauriwa kupigwa picha ya retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya kupata mimba achunguzwe mapema katika ujauzito, kwa kuwa katika miezi hiyo ugonjwa huweza kuendelea kwa kasi.